Jiko la mkaa chumbani kwa mzazi, na shawa ya umeme ninayotaka kuifunga mwenyewe

Ndugu Mshauri,

Pokea salamu kutoka Njombe, ambako mwezi huu wa Julai umande unaganda kwenye nyasi kabla jua halijachomoza. Mimi ni mwalimu wa Historia katika shule ya sekondari, na mwaka jana nilihamia na familia yangu katika nyumba tuliyoijenga kidogo kidogo kwa mikopo. Ni nyumba ya vyumba vitatu, ya tofali za kuchoma, imepigwa plasta ndani na nje, ina madirisha ya aluminiamu na imeezekwa kwa mabati. Dari lipo sebuleni tu. Vyumbani ukitazama juu unaona kenchi na bati.

Mke wangu amejifungua hivi karibuni, na mama mkwe amekuja kutoka Makete kumlea mzazi. Kila jioni mama huwasha jiko la mkaa nje, husubiri mpaka mkaa ukolee na moshi uishe kabisa, kisha huliingiza katika chumba anacholala pamoja na mke wangu na mtoto. Pembeni huweka beseni la maji, ambalo kwa maelezo yake hunyonya ubaya wa moto, na mlango unafungwa mpaka asubuhi. Kwa kuwa upepo ulikuwa unapenya kwenye matundu ya hewa yaliyo juu ya madirisha, niliyaziba kwanza kwa maboksi, na baadaye kwa saruji.

Sasa mke wangu anaamka na kichwa kizito na kichefuchefu, naye mama analalamika hivyo hivyo, ila yeye anasema ni uzee na kwamba mwenzake ni uchovu wa uzazi. Wakishakaa juani, ikifika mchana hali inakuwa nafuu. Mtoto analala sana, na alfajiri ni kazi kumwamsha anyonye. Vilevile vioo vya dirisha vinatiririka maji kila asubuhi, na nyuma ya kabati ukuta umeanza kuota madoa meusi.

Nimeona nimalize suala la mkaa kwa kutumia umeme. Nimenunua shawa ya umeme ya wati 5,500 na hita ya chumba ya wati 2,000. Mikono yangu haijazoea chaki peke yake. Taa za uani na soketi mbili za jikoni nilizifunga mwenyewe na zinafanya kazi mpaka leo. Shawa niliiunganisha kwenye waya wa taa ya bafuni, ambao ni wa milimita 1.5, lakini kila nikiiwasha breka ya ampea 10 inajikata. Muuza duka amenishauri ninunue breka ya ampea 32, nami nimeshainunua. Hita nakusudia kuipeleka chumbani kwa ekstensheni, iwake usiku kucha. Baadaye ningependa kujenga sehemu ya kuotea moto sebuleni, kwa hiyo naomba vipimo vya dohani.

Maswali mawili ya mwisho. Nitamwambiaje mama mkwe aache jiko lake, ikiwa atanijibu kwamba amelea watoto sita kwa jiko hilo hilo? Na je, kijana wa mtaani kwetu aliyefunga umeme katika nyumba nyingi za jirani anatosha kunisaidia, au ni lazima fundi mwenye leseni?

Mwalimu, Njombe

JIBU

Mwalimu, kamwene. Nitakujibu yote uliyouliza, lakini kuna jambo ambalo hukuliuliza nalo haliwezi kungoja umalize kusoma. Jiko litoke chumbani sasa hivi, madirisha yafunguliwe, na mke wako, mtoto na mama wapelekwe hospitali leo, hata kama kufikia mchana watasema wamepata nafuu. Mkifika, mwambieni daktari waziwazi kwamba wamelala na jiko la mkaa katika chumba kisichopitisha hewa. Maneno hayo yana umuhimu wake, kwa sababu kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba kaboni monoksaidi. Kinaweza kuonyesha namba nzuri kwa mgonjwa ambaye amekwisha kudhurika. Bila maelezo yenu, kichwa kizito na kichefuchefu vinaweza kuhesabiwa kuwa malaria au uchovu, mkarudishwa nyumbani na vidonge.

Dalili ulizoziandika zinaelekea upande mmoja. Watu wawili wa umri tofauti, waliolala chumba kimoja, wanaamka na maumivu ya aina moja, na wote wanapata nafuu baada ya kukaa nje kwa saa kadhaa, ilhali wewe uliyelala chumba kingine huna neno. Kaboni monoksaidi hushika himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mtu akiwa katika hewa safi huchukua takriban saa nne hadi tano kiwango chake katika damu kupungua kwa nusu. Ndiyo maana nafuu inakuja mchana na si mara tu wanapofungua mlango. Mtoto mchanga, ambaye kwa uzito wake huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima, hudhurika mapema zaidi, na hawezi kusema kwamba kichwa kinamuuma. Yeye hulala tu. Usingizi wake huo unaniogopesha kuliko kitu kingine chochote katika barua yako.

Mama mkwe anasubiri moshi uishe, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Moshi unaonekana, unanuka na unawasha macho, kwa hiyo humfukuza mtu kabla haujamdhuru sana. Kaboni monoksaidi haina rangi, haina harufu, wala haiwashi, na mkaa uliokolea vizuri, ule mwekundu usio na moshi hata kidogo, unaendelea kuitoa kwa wingi muda wote unaowaka, tena zaidi pale unapofunikwa na majivu na kupata hewa kidogo. Beseni la maji halisaidii, kwa kuwa hewa hiyo haiyeyuki kwenye maji kwa kiasi cha maana. Kulala kwenye kitanda kirefu hakusaidii pia, kwani uzito wake unakaribia sana ule wa hewa ya kawaida na husambaa chumba kizima, juu na chini.

Sasa, namna ya kumwambia mama. Usianze na habari ya sumu, na usimwambie kwamba amekosea, kwa sababu hakukosea. Nyumba alimowalea watoto sita, kama zilivyokuwa nyumba nyingi za Makete na Njombe za wakati huo, bila shaka ilikuwa na nafasi kati ya ukuta na paa, mlango wa mbao usiokutana na kizingiti, na pengine nyasi juu badala ya bati. Moto ulikuwa katikati, lakini nyumba yenyewe ilikuwa ikipumua kila upande. Nyumba yako ina plasta pande zote mbili, madirisha ya aluminiamu yanayofunga barabara, na matundu uliyoyaziba kwa mkono wako. Uzoefu wake ni wa kweli kwa nyumba ile. Hauhamishiki kuja katika hii. Mweleze hivyo, ukianza na kosa la saruji yako, na ikiwezekana maneno haya yapitie kwa mke wako kwanza, au kwa mzee mwingine wa familia anayemheshimu, kwa sababu mkwe kumkosoa mkwe hadharani si jambo la kwetu. Kisha usimwache mikono mitupu. Jiko lake liendelee kuwashwa barazani au jikoni lenye uwazi kwa ajili ya kuchemsha maji, na maji hayo yatiwe katika mipira ya maji ya moto, ifungwe kizibo vizuri, ivikwe kitambaa na iwekwe kitandani kabla ya kulala. Kwa mtoto, mpira upashe kitanda moto kisha uondolewe kabla hajalazwa. Mama atakuwa bado ndiye anayeleta joto chumbani, na nadhani kwake hilo lina uzito kuliko jiko lenyewe.

Baada ya hapo, uchukue patasi na nyundo uyazibue matundu yale. Najua unawaza kwamba ukiyafungua baridi itarudi. Itarudi kiasi, lakini maji yanayotiririka kwenye vioo na madoa meusi nyuma ya kabati yanatokana na kuziba huko huko. Watu watatu wanaolala chumba kimoja hutoa mvuke usiku kucha kwa kupumua na kutoka jasho. Mvuke usipopata njia hugandia sehemu iliyo baridi zaidi, yaani kioo na ukuta wa nje, na ukuta uliolowa huota kuvu. Kuvu hao si wazuri kwa kifua cha mtoto, na hakuna rangi itakayowaficha kwa muda mrefu wakati chanzo kipo. Safisha madoa hayo kwa maji ya sabuni, ukijifunga kitambaa puani, kisha sogeza kabati kiasi cha upana wa kiganja kutoka ukutani ili hewa ipite nyuma yake.

Kinachowasumbua hasa ni upepo unaowapiga moja kwa moja, na upepo unaweza kuvunjwa nguvu bila kuua mzunguko wa hewa. Katika tundu mojawapo la juu ingiza kipande cha bomba la PVC la inchi 4, na upande wa nje ukiwekee kiwiko kinachotazama chini, chenye wavu wa kuzuia wadudu. Upepo ukivuma unagonga mgongo wa kiwiko badala ya kuingia moja kwa moja, nayo hewa inaendelea kupita taratibu. Tundu la kuingizia hewa likiwa juu ya kichwa cha aliyesimama, hewa baridi inachanganyika na ya chumbani kabla ya kumfikia aliyelala. Kazi hii ni yako kabisa, haihitaji fundi. Chini ya mlango unaotoka nje ndipo pa kuziba: kata ukanda wa mpira wa tairi la ndani la gari, ugongomelee kwenye mlango kwa mbao nyembamba ili uguse sakafu. Mapazia yawe mazito na yafike chini ya kiwango cha dirisha.

Hata hivyo, fedha yako ya kwanza, kabla ya shawa na kabla ya hita, ningeipeleka kwenye dari la chumba kile. Joto hupanda, na bati tupu hulitoa nje haraka kuliko sehemu nyingine yoyote ya nyumba. Unapasha moto kenchi na anga la Njombe, si chumba. Uko katika mkoa wa misitu ya paini, kwa hiyo mbao za dari zinapatikana karibu, na dari la mbao zilizokauka vizuri linazuia joto kwa namna ya kuridhisha. Jipsamu nayo inafaa ikiwa bati halivuji. Ziba nafasi kati ya dari na ukuta pande zote, lakini usizibe matundu yaliyo nje chini ya paa, kwani sehemu ile ya juu ya dari inahitaji kukauka; bila hivyo maji yanayoganda chini ya bati usiku yatadondokea dari lako. Ukiweza kupata foili ya kuakisi joto, ile inayotandazwa chini ya bati au juu ya dari, ongeza. Mwalimu anayeweza kufunga taa za uani anaweza kupiga dari la chumba kimoja akiwa na mtu mmoja wa kumshikia mbao.

Nije kwenye umeme. Hapa nitakuwa mkali, maana breka ya ampea 32 uliyoinunua, ukiifunga kwenye waya ule wa milimita 1.5, itakuwa imeondoa kitu pekee kilichokuwa kinailinda nyumba yako isiungue. Breka ya ampea 10 haikuwa mbovu. Gawanya wati 5,500 kwa volti 230: shawa yako inavuta karibu ampea 24. Waya wa milimita 1.5 uliopita ndani ya bomba ukutani unabeba takriban ampea 14 hadi 17 bila kupata joto la hatari. Joto katika waya huongezeka kwa mraba wa mkondo wa umeme, maana yake mkondo ukiongezeka maradufu joto linakuwa mara nne. Ukiweka breka ya 32, haitajikata. Waya ndio utakaopata moto ndani ya ukuta, plastiki yake italainika, na siku moja utasikia harufu ya kuungua inayotoka mahali usipoweza kupaona. Breka huchaguliwa kwa uwezo wa waya. Muuza duka alichagua kwa mahitaji ya shawa, akasahau kuuliza waya ni wa ukubwa gani. Kwa sasa ondoa shawa kwenye waya huo.

Shawa ya aina hiyo inahitaji njia yake yenyewe kutoka kwenye boksi la breka, isiyogawanywa na taa wala soketi yoyote: waya wa shaba wa milimita 6, breka yake ya ampea 32, na swichi kubwa inayokata nyaya zote mbili, yaani laini na nyutro, iliyofungwa nje ya bafu mahali ambapo mkono wenye maji haufiki. Unapofika dukani, omba kipande cha waya ukikwaruze kwa wembe. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, huo ni aluminiamu iliyopakwa, uache hapo hapo. Pale waya unapokutana na nyaya za shawa tumia konekta ya kauri. Hiyo ya plastiki, na zaidi ule utepe mweusi wa kuzungushia, huyeyuka katika kiungo kinachopitisha ampea 24 kila siku, na shawa nyingi zinazoungua huanzia kwenye kiungo hicho. Plagi haifai kabisa, kwa kuwa mwisho wake ni ampea 13.

Yote hayo yanazuia moto. Kinachomzuia mtu asife ni erthi. Katika shawa nyingi za papo kwa papo, maji yanapita yakigusa waya wenyewe unaopata moto. Hakuna ukuta kati ya umeme na maji yanayokuangukia, isipokuwa kwamba maji safi ni kipitishi hafifu na kwamba waya wa erthi unachukua mkondo unaovuja na kuupeleka ardhini kabla haujakufikia. Waya huo usipounganishwa, shawa itafanya kazi vizuri tu, maji yatapata moto, na utajiona umefaulu. Wengi wanaolalamika kwamba bafu lao linawapiga shoti kidogo wanapogusa koki wako katika hali hii, na hiyo shoti kidogo inategemea tu unyevu wa sakafu siku ile. Kagua kama fimbo ya erthi ipo nje ya nyumba yako, maana mara nyingi unakuta imekatwa na wezi wa shaba, au ilipigwa fupi kwa sababu ardhi ilikuwa na mawe. Usikubali mtu akwambie aunganishe erthi na nyutro ndani ya shawa ili kuokoa waya. Nyutro ikikatika mahali popote, mwili wa shawa na maji yake vinabeba umeme wote. Wala usiunganishe erthi kwenye bomba la maji, kwa kuwa mabomba ya siku hizi ni ya plastiki.

Juu ya erthi, dai kifaa cha kukata umeme unaovuja, kile chenye kitufe kilichoandikwa T, cha miliampea 30. Breka ya kawaida hujikata kwa mzigo mkubwa au shoti. Haina habari na mkondo mdogo unaopita katika mwili wa mtu, ambao ni mdogo sana kuuamsha lakini unatosha kuusimamisha moyo. Kifaa hiki hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na vikitofautiana kwa miliampea 30 hukata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Bonyeza kitufe hicho kila mwezi, kisipokata, kibadilishwe.

Kama maji yako ni ya kisima, angalia kwanza kama yana chumvi, kwani maji ya chumvi hupitisha umeme zaidi, na madukani kuna shawa zilizotengenezwa mahsusi kwa maji hayo. Tangi nalo liwe juu ya shawa vya kutosha, walau mita moja au kama maelezo ya kwenye boksi yanavyotaka, la sivyo maji yatakuwa dhaifu na shawa haitawaka. Fungua maji kwanza kabla ya kuwasha, na usizungushe kitufe cha joto wakati unaoga.

Hita ya chumba ina hesabu rahisi zaidi. Wati 2,000 ni karibu ampea 9, soketi nzuri ya ukutani inaibeba, ekstensheni ya bei rahisi haiibebi, hasa ikiwa imeviringishwa au imepitishwa chini ya zulia. Ichomeke moja kwa moja ukutani, iwe mita moja kutoka kitanda, pazia na nguo za mtoto zinazoanikwa, na baada ya nusu saa ishike plagi: ikiwa ya moto kiasi cha kutoshikika, soketi imelegea na ibadilishwe. Kuiwasha usiku kucha sikushauri, kwanza kwa usalama, na pili kwa sababu ya LUKU, yaani umeme unaolipiwa kabla ya kutumiwa. Saa nane za wati 2,000 ni uniti 16. Usiku tano ni uniti 80, na ikiwa umo katika kundi la matumizi madogo, ambalo ukomo wake ni uniti 75 kwa mwezi, utakuwa umeuvuka kabla wiki haijaisha. Shawa, pamoja na ukubwa wake wote, ikitumika dakika kumi haifiki uniti moja. Dari likishapigwa, hita iwashwe saa moja kabla ya kulala, izimwe, na mipira ya maji ya moto ya mama ifanye kazi iliyobaki.

Sehemu ya kuotea moto sebuleni ni wazo zuri, nami nakuunga mkono, mradi isijengwe chumbani na isiwe kisingizio cha kuingiza jiko tena. Kwa mdomo wa sentimita 60 kwa 60, tundu la dohani liwe na eneo lisilopungua moja ya kumi ya eneo la mdomo. Kwa kuwa nyumba isiyo ya ghorofa ina dohani fupi, nenda kwenye sentimita 22 kwa 22, nafasi sawa kuanzia chini hadi juu, na kuta zake za ndani zilainishwe. Sehemu inayoguswa na moto jenga kwa tofali za kuchoma na udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga, kwani saruji hupasuka kwa joto. Dohani litoke angalau sentimita 90 juu ya bati, na liwe juu kwa sentimita 60 kuliko kitu chochote kilicho ndani ya mita tatu, pamoja na kilele cha paa lako. Likiwa fupi kuliko kilele, upepo utarudisha moshi sebuleni. Mahali linapopita darini, kenchi na mbao zikae mbali nalo sentimita 5 au zaidi, na nafasi hiyo ifunikwe kwa bati, si kwa mbao. Weka tundu la hewa karibu na moto, kwa kuwa moto usiopata hewa ya kuingia hauwezi kusukuma moshi nje. Kabla ya kuutumia, choma nyasi mbichi kidogo, na utazame kila kiungo cha dohani mpaka juu ya dari kama kuna moshi unaopenya. Usiku msizibe dohani wakati makaa yangali mekundu.

Ukipata mtu anayesafiri kwenda mji mkubwa, mwagize king'ora cha kaboni monoksaidi kinachotumia betri. Kiwekwe karibu na vyumba vya kulala na maelezo yake yasomwe, kwa sababu kina mwisho wa matumizi uliochapwa nyuma. Kingekuwa cha lazima hata baada ya jiko kutoka, maana sebuleni kutakuwa na moto.

Kuhusu kijana wa mtaani, inawezekana ni stadi kuliko wengi wenye vyeti, lakini leseni za mafundi umeme hutolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na umwombe uone yake, yenye jina lake, daraja lake na tarehe isiyopita. Asipokuwa nayo, awe msaidizi wa aliye nayo. Wewe pia unaweza kuwa msaidizi. Mfereji wa ukutani uuchimbe mwenyewe, bomba la kupitishia waya ulilaze mwenyewe, shimo la fimbo ya erthi na mabomba ya maji vilevile, na hapo utakuwa umeokoa sehemu kubwa ya gharama. Kuunganisha kwenye boksi la breka, kufunga erthi na kupima aachiwe fundi. Soketi zako mbili za jikoni nazo azifungue azitazame, kwa sababu kwamba zinafanya kazi hakuonyeshi kama erthi yake imeunganishwa. Kabla ya kumlipa, mwambie apime erthi kwa kifaa mbele yako na akuandikie namba aliyoipata, kisha abonyeze kile kitufe cha T huku taa zikiwaka, nawe uone zikizimika.